Timu Mbili Msimu Mmoja: Karata ni ya Kijana, Siyo ya Kigogo

Makamanda, kila dirisha dogo likifunguliwa kuna hoja inarudi kwenye vijiwe vya Morogoro, kuanzia Msamvu mpaka Mji Mpya, na siku hizi imehamia mpaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Hoja yenyewe ni hii: kanuni inayomruhusu mchezaji kuchezea klabu mbili ndani ya msimu mmoja ifutwe, maana inazimaliza timu za mikoani. Timu inahangaika na kijana tangu akiwa na miaka 14, anaanza msimu vizuri, ikifika Januari kigogo wa Dar anaingiza mkono mfukoni, kijana huyoo kaondoka, na timu inabaki kupigania isishuke daraja.

Hasira hiyo naielewa, na wengi wanaoisema ni wenzetu kabisa. Ila naomba tusiikubali. Kanuni hii ni moja ya vitu vichache kwenye mpira vilivyoandikwa kwa faida ya mchezaji, yaani mfanyakazi. Shida yetu iko kwingine: kanuni imempa kijana karata, ila wanaoicheza hiyo karata ni watu wengine. Tukiifuta, kijana anabaki mikono mitupu na kigogo anabaki na hela zake zilezile.

Twende taratibu.

KANUNI INASEMAJE HASA?

Wengi tunabishana bila kujua kilichoandikwa. Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji, kifungu cha 5, zinasema hivi: ndani ya msimu mmoja mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu, ila mechi za mashindano rasmi anaruhusiwa kuchezea klabu mbili tu. Tofauti ipo kwa mchezaji anayehama kati ya nchi ambazo misimu yake inaingiliana, mfano moja inaanza Agosti na nyingine inaanza Januari. Huyo anaweza kuruhusiwa timu ya tatu, mradi awe ametimiza masharti ya mikataba yake ya nyuma. Kwa kijana anayehama kutoka Morogoro kwenda Dar, Mbeya au Mwanza, hesabu ni mbili.

Ona hapo kuna mambo mawili. Kwanza, kusajiliwa na kucheza ni vitu tofauti. Unaweza kusajiliwa na timu ya tatu ukaishia kufanya mazoezi na kukaa jukwaani. Pili, kinachohesabika ni mechi rasmi: ligi, kombe la shirikisho, mashindano ya kimataifa ya klabu. Mechi ya kirafiki haihesabiki, majaribio hayahesabiki, na ndondo ya mtaani isiyo chini ya shirikisho haihesabiki. Lakini dakika moja tu uliyoingia ukitokea benchi kwenye mechi ya kombe inahesabika. Kijana anaingia dakika ya 89, anagusa mpira mara moja, na tayari timu moja imeshatumika.

Kifungu hichohicho kinaruhusu mashindano kuwa na masharti makali zaidi. Mfano mnaukumbuka wote. Agosti 2021 Clatous Chama alitoka Simba akaenda RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarudi Msimbazi. Kwenye ligi alicheza kama kawaida. Kwenye Kombe la Shirikisho la Afrika alikaa nje, maana Berkane walishamtumia kwenye mashindano hayohayo, na Simba na Berkane walikuwa kundi moja. Kwa hiyo mlango wa kuibana kanuni upo, na hao wanaotaka ibanwe hapa nyumbani wataupitia huohuo. Ndo maana nasema tuwe macho.

BILA KANUNI HII, SAMATTA ASINGEFIKA WEMBLEY

Wanaosema kanuni ifutwe nawauliza swali moja: Machi 1, 2020 mlikuwa wapi? Maana nchi nzima ilisimama. Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alifunga bao kwenye fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza pale Wembley, Aston Villa dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini nani alijali? Mtanzania alikuwa amefunga Wembley.

Sasa rudi nyuma miezi minne. Novemba 2019 Samatta huyohuyo alifunga Anfield dhidi ya Liverpool kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa na jezi ya Genk ya Ubelgiji. Msimu uleule, klabu mbili. Angekuwa amefungiwa kwenye klabu moja mpaka msimu uishe, Villa wasingemchukua ule Januari. Na kwenye mpira nafasi haikai kukusubiri. Aliyetakiwa Januari anaweza kuumia Machi, na Juni hakuna anayepiga simu.

Mfano mwingine ni Javier Mascherano wa Argentina. Msimu wa 2006/07 alianzia Corinthians ya Brazil, akaenda West Ham, huko akawa anasugua benchi. Liverpool walipomtaka Januari 2007, ilibidi FIFA watoe kibali maalumu, kwa sababu ingekuwa klabu yake ya tatu ndani ya miezi 12. Walikitoa. Mei mwaka uleule alikuwa uwanjani Athens kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mchezaji mkubwa duniani alikaribia kukwama kwa sababu ya hesabu za karatasi.

Sasa mchukue kijana wa Ligi ya Championship, au wa First League, au wa ligi ya mkoa. Mshahara wa kuunga unga, miezi mingine haulipwi kabisa. Kocha mpya kaja na watu wake. Ukimwambia huyu akae hapohapo mpaka Juni ati kwa sababu ya uzalendo wa klabu, unamaanisha akae njaa. Dirisha dogo na ruhusa ya timu ya pili ndo njia yake ya kutoka. Sisi tunaopigania haki za wafanyakazi viwandani na mashambani, kwenye hili tutasimama upande gani?

MTIBWA NA MAJI YA RUVU

Tusemee sasa maumivu ya nyumbani, kwa sababu ni ya kweli.

Huu mkoa una historia. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro walikuwa timu ya kwanza kuutoa ubingwa wa ligi nje ya Dar es Salaam. Mtibwa Sugar wa Turiani walibeba ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na mwaka 2018 wakachukua Kombe la Shirikisho. Hii ni timu ya kiwanda cha sukari kule Mvomero, siyo timu ya matajiri wa Kariakoo, na imekaa Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20.

Halafu angalia waliotoka pale. Mwaka 2016 Simba waliingia mara moja wakatoka na watatu: Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Mwaka 2020 Yanga wakamchukua Kibwana Shomari. Msimu uleule, dirisha dogo, wakarudi kumchukua Dickson Job, beki aliyekuwemo kwenye Serengeti Boys iliyokwenda Gabon mwaka 2017. Job alianza msimu wa 2020/21 na Mtibwa, akaumaliza na Yanga. Timu mbili, msimu mmoja, kihalali kabisa.

Kwa Job ilikuwa sahihi? Ilikuwa sahihi mno. Amekuwa beki wa Taifa Stars, amecheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023. Kwa Mtibwa ilikuwaje? Mwaka 2024 walishuka daraja. Sisemi walishuka kwa sababu ya uhamisho mmoja wa miaka mitatu nyuma, hiyo itakuwa hesabu ya uongo. Wamepambana, wakabeba ubingwa wa Championship msimu wa 2024/25 na kurudi Ligi Kuu. Ninachosema ni kwamba timu ikilea, ikiuza, ikilea, ikiuza, na kinachorudi hakitoshi kulea wengine, ipo siku kisima kinakauka.

Sisi watu wa milima ya Uluguru hili tunalijua vizuri kupitia maji. Mto Ruvu unaanzia kwetu. Mtu wa Dar anafungua bomba asubuhi anaoga, na maji yale yametoka kwenye mabonde ya juu huku, ambako mama anachota kwa ndoo na bomba hana. Maji yanashuka, hela haipandi. Kuna kipindi CARE na WWF waliendesha mradi kule Kibungo, ambapo watumiaji wakubwa wa maji ya chini, ikiwemo DAWASCO, waliwalipa wakulima wa mlimani ili walime kwa matuta na kutunza udongo. Wazo lilikuwa rahisi: anayekunywa amlipe anayetunza chanzo.

Hakuna aliyesema mto uzibwe. Na mpira ni hivyohivyo. Wachezaji washuke, waende Dar, waende Morocco, waende Ulaya, Januari au Julai. Ila hela ipande mlimani.

Na kanuni za kupandisha hela zipo! Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Tufanye hesabu ya mfano. Kijana wa Kihonda amekaa kwenye timu ya mtaa kuanzia miaka 12 mpaka 15, misimu minne. Kila msimu wa umri huo una robo asilimia ya ada yote. Siku akiuzwa nje kwa shilingi bilioni 1, ile timu ya Kihonda inastahili asilimia 1, yaani milioni 10. Kwa timu inayonunua mpira mmoja kwa kuchangishana, milioni 10 ni miaka ya kulea.

Kwa uhamisho wa ndani ya nchi, FIFA inataka kila shirikisho liwe na utaratibu wake wa kuzizawadia klabu zinazolea vijana. Huu ndo mjadala ambao tungetakiwa kuwa nao: TFF waweke wazi utaratibu huo, wataje viwango, na Bodi ya Ligi isiidhinishe usajili wa dirisha lolote mpaka malipo ya waliolea yaonekane.

Tatizo lingine ni la kwetu wenyewe. Timu zetu nyingi za mchangani hazijasajiliwa chama cha mpira cha wilaya wala MRFA. Kama jina la timu halipo kwenye kumbukumbu za mchezaji, hata kanuni iwe nzuri vipi, hela haitajua pa kwenda. Klabu ambayo haipo kwenye karatasi haijawahi kumlea mtu.

Halafu kuna mapato ya mlangoni. Timu ya Morogoro ikitaka kucheza mjini inakwenda Jamhuri, na Uwanja wa Jamhuri uko mikononi mwa CCM, kama ilivyo kwa Sokoine Mbeya, Kirumba Mwanza na Sheikh Amri Abeid Arusha. Viwanja hivi vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa michango na jasho la watu wote. Timu inakaa mpangaji kwenye mji wake, halafu tunaishangaa ikimuuza beki Januari ili ilipe madeni.

KARATA ANAICHEZA NANI?

Sasa tufike penyewe. Kanuni inampa mchezaji timu mbili. Ya kwanza anaanza nayo msimu. Ya pili ndo karata yake ya mwisho mpaka msimu uishe. Akiicheza vibaya, amekwisha kwa miezi sita.

Mfikirie winga wa miaka 19 kutoka Matombo. Ameanza msimu na timu ya Championship, amecheza mechi tano. Desemba anakuja mtu anajiita wakala, anamwambia timu fulani ya Ligi Kuu inakutaka. Kijana anasaini kwenye boneti ya gari. Nakala ya mkataba hapewi, anaambiwa ataletewa. Anaingizwa dakika kumi kwenye mechi moja ya Januari. Februari kocha anafukuzwa, Machi mshahara unakata. Timu yake ya zamani inamtaka arudi, nyingine ya Mbeya inamtaka pia. Hiyo ya Mbeya haiwezi kumchezesha, maana itakuwa ya tatu. Zile dakika kumi zimekula karata yake yote, na aliyechukua asilimia yake hapokei tena simu.

Huyo winga ni mfano tu, simzungumzii mtu fulani. Ila kaa kijiweni chochote kuanzia Mafisa mpaka Mlimba usimulie hiyo hadithi, uone kama kutakosekana mtu wa kusema huyo ni mdogo wangu.

Wakubwa wenyewe wamepata shida na karatasi. Bernard Morrison na Yanga walibishana kama mkataba ulikuwa wa miezi sita au uliongezwa. Ikaanzia kwenye kamati ya TFF mwaka 2020, ikaishia kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya CAS Novemba 2021, Morrison akashinda. Yule ni Mghana mwenye jina, mwenye wanasheria. Feisal Salum, Fei Toto, Desemba 2022 aliweka zaidi ya shilingi milioni 100 ili avunje mkataba na Yanga. Kamati ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje nusu msimu, mchezaji wa timu ya taifa, kwenye umri wake mzuri kabisa. Juni 2023, Yanga walipoalikwa Ikulu, Rais Samia akaomba suala la kijana limalizwe. Siku chache baadaye Fei akawa mchezaji wa Azam.

Nafurahi kwamba Fei alipata ahueni. Ila jiulize: kama ili mchezaji apate haki ya kufanya kazi inabidi Mkuu wa Nchi aseme neno kwenye hafla, huyo winga wa Matombo atasemewa na nani? Haki inayosubiri huruma ya mkubwa ni hisani, na hisani haiwafikii watu wa Matombo.

Kuna na suala la mkopo. Tangu Julai 2022 FIFA imeweka ukomo kwenye mikopo ya kimataifa. Kuanzia msimu wa 2024/25 klabu inaruhusiwa kutoa kwa mkopo wachezaji sita na kupokea sita, na klabu mbili hazipeani zaidi ya watatu kwa wakati mmoja. Waliokulia kwenye klabu na walio chini ya umri uliowekwa hawamo kwenye hesabu hiyo. Mashirikisho yakapewa miaka mitatu kuweka kanuni za aina hiyo kwa mikopo ya ndani. Sababu inaeleweka: klabu tajiri ikijaza wachezaji kwenye timu nne za ligi moja, siku ya mechi utajuaje nani anacheza kwa moyo? Halafu mikataba mingine ya mkopo inamzuia mchezaji kucheza dhidi ya klabu mama. Kwa hiyo timu ndogo ikikutana na kigogo inawaacha nje wachezaji wake bora. Hapo ndo kanuni ya timu mbili inapogeuzwa kuwa silaha ya kigogo, na hapo ndo pa kuibana. Ibane klabu, muache mchezaji apumue.

WANASIASA NAO WANA DIRISHA LAO

Najua mnasubiri nifike hapa, haya.

Desemba 2017 Maulid Mtulia, mbunge wa Kinondoni kwa tiketi ya CUF, na Godwin Mollel, mbunge wa Siha kwa tiketi ya Chadema, walijiuzulu wakahamia CCM. Katiba yetu, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompa ubunge, kiti kinakuwa wazi. Februari 17, 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo, na wote wawili wakarudi bungeni wakiwa na jezi mpya. Baada yao wakafuata wengine, kila mmoja anaunga mkono juhudi. Na hapa mkoani kwetu, mbunge wa Kilombero kwa tiketi ya Chadema, Peter Lijualikali, naye alitangaza kuhamia CCM mwaka 2020, muhula ukiwa ukingoni.

Timu mbili, msimu mmoja. Tofauti ni nini na Dickson Job?

Job alipohama, klabu iliyomtaka ilikaa mezani na klabu iliyokuwa naye, na gharama ililipwa na aliyemtaka. Uchaguzi mdogo unalipwa na mlipa kodi. Mama wa Mgeta anayeteremsha kabichi mjini akikatwa ushuru njiani, amechangia usajili wa mtu asiyemjua. Job alipovaa jezi ya kijani hakuondoka na pointi alizoisaidia Mtibwa kuvuna. Mbunge anaondoka na kura za watu waliompa kwa sababu ya jezi aliyovaa siku ile.

Simnyimi mtu haki ya kuhama chama. Uhuru wa kujumuika ni wa kila mtu, hata wa anayetukimbia sisi. Nasema tu kwamba mpira, pamoja na vurugu zake zote, umejiwekea hesabu: klabu mbili basi, na aliyenunua ndiye anayelipa. Siasa zetu hazijafika hata hapo. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama jukwaani kulaumu wachezaji hawana uaminifu kwa klabu zao, mpigieni makofi kwa heshima, halafu muulizeni yeye msimu uliopita alichezea wapi.

TUFANYE NINI, KUANZIA HAPA MOROGORO?

Kulalamika tunaweza, na tumezoea. Naomba tutoke na kazi.

Kwanza, kila kata yenye vijana wetu ihakikishe timu zake za mchangani zinasajiliwa chama cha mpira cha wilaya na MRFA, na orodha ya wachezaji kuanzia miaka 12 inaandikwa na kutunzwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, msimu alioingia, msimu aliotoka. Daftari la shilingi elfu mbili linatosha kuanzia. Kuanzia Kichangani mpaka Kinole, Bigwa mpaka Nyandira. Hiyo ndo hati ya kudai asilimia kesho.

Pili, wanasheria wetu vijana, mnaopenda kuandika uzi mrefu mtandaoni, toeni Jumamosi moja kabla ya kila dirisha mkae na wachezaji muwasomee mikataba. Muwaambie mambo machache yanayookoa maisha. Usisaini bila kubaki na nakala. Chini ya miaka 18 mkataba hauzidi miaka mitatu, na mzazi au mlezi awepo. Usipolipwa mishahara ya miezi miwili, andika barua ya madai, uwape siku 15 walipe. Wasipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Kabla hujaingia uwanjani na timu ya pili, jua kwamba hakuna ya tatu mpaka msimu uishe. Na hili tusiulize kadi ya chama ya mtu. Kijana wa CCM anayeibiwa mshahara anaibiwa kama wewe.

Tatu, tupaze sauti kwa TFF na Bodi ya Ligi kwa madai yanayoeleweka: mikataba iandikwe kwa Kiswahili, malipo ya waliolea yawe sharti la usajili wa ndani, ukomo wa mikopo kati ya klabu za ligi moja, na marufuku ya kifungu kinachomzuia mchezaji wa mkopo kucheza dhidi ya klabu mama. SPUTANZA, chama cha wachezaji, kipewe kiti kamili kwenye kamati inayoamua kesi hizi. Siyo kiti cha kusikiliza, kiti cha kupiga kura.

Nne, kwa wanaocheza ndondo. Najua kombe la mbuzi lina raha yake, na najua mchezaji mzuri anakodiwa na timu tatu kwa wiki moja, mamluki wa halali anayelipwa nauli na buku tano. FIFA hawakuhesabii hizo mechi. Lakini ukishakuwa na mkataba, soma unasemaje kabla hujaenda kuvunjika goti kwenye uwanja wa mawe. Hapo klabu inaweza kukukana na mtaa hauna bima.

Na tano, kwa wenzangu mnaotaka kanuni ifutwe. Mnaipenda Mtibwa, naipenda pia. Mnaitaka Morogoro irudi kwenye hadhi ya 1975, naitaka pia. Ila timu haijengwi kwa kumfungia kijana mlango kwa nje. Inajengwa kwa kumlipa mshahara wake tarehe yake, na kwa kuhakikisha siku akiondoka, mtaa uliomlea unapata chake. Timu inayolipa na kuheshimu haina haja ya kufuli. Inayohitaji kufuli tunaijua tabia yake, tumeishi chini ya tabia hiyo muda mrefu.

Dirisha dogo lijalo likifunguliwa, kabla hujaanza kubishana kijiweni nani kasajiliwa wapi, mtafute mchezaji mmoja wa kata yako umuulize swali moja: nakala ya mkataba wako iko wapi? Akikosa jibu, kazi yako imeanza.